Dawa ya pareto kwenye miwaridi ya Uyole: tathmini baada ya misimu miwili

Ninayoiandikia tathmini hii ni dawa ya maji itokanayo na maua ya pareto, inayouzwa katika chupa ya mililita 100 kwenye baadhi ya maduka ya pembejeo ya Mwanjelwa, jijini Mbeya, ambayo nimeitumia kwa misimu miwili kwenye miwaridi 26 iliyoizunguka nyumba yangu huku Uyole. Jina la chapa sikulitaja kwa makusudi, kwa kuwa ninachokipima ni dawa yenyewe, na anayeitafuta ataitambua kwa kusoma sehemu ya lebo inayotaja kiambata amilifu, yaani sumu yenyewe inayoua wadudu: pakiandikwa pairethrini, ndiyo hiyo. Pakiandikwa sipamethrini, deltamethrini au lambda-sihalothrini, hiyo ni dawa nyingine, iliyotengenezwa maabara kwa kuiga umbo la sumu ya pareto, nayo hukaa kwenye majani kwa siku kadhaa, wakati ile ya maua huharibiwa na jua upesi, mara nyingi ndani ya siku moja. Nalisema hili mapema kwa sababu katika maduka 4 niliyoyapitia nikiulizia dawa ya pareto, 2 yalinipa sipamethrini, na muuzaji mmojawapo alinihakikishia kwa nia njema kabisa kwamba "ni ile ile tu, mama."

Miwaridi yangu naitunza kwa ajili ya maua ya madhabahuni na ya harusi, na wapambaji ni watu wa macho makali. Tumba lenye tundu dogo kama la sindano halifunguki vizuri, na petali nyeupe yenye ukingo wa kahawia haifai kuwekwa mbele ya bibi harusi. Ndiyo maana wadudu wa waridi wamenigharimu usingizi na fedha, na ndiyo maana kabla ya kuifikia pareto nilifanya kosa ambalo naomba mwenzangu asilirudie. Nilinunua dawa iliyopimwa kutoka kwenye dumu kubwa na kumiminwa ndani ya chupa tupu ya maji ya kunywa, katika duka moja ambalo halina haja ya kutajwa. Haikuwa na lebo, na kipimo nilionyeshwa kwa kidole ubavuni mwa chupa. Nikaipulizia saa nne asubuhi, jua likiwa limeshawaka. Siku ya tatu majani ya miwaridi myeupe yalikuwa na kingo zilizokauka kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto, na wiki chache baadaye ukaja utitiri, viumbe vidogo mno vinavyonyonya majani, kwa wingi ambao sikuwahi kuuona, kwa kuwa dawa kali ziuazo kila kiumbe huwaua pia wale wadudu wadogo wanaoula utitiri. Kisheria kila kiuatilifu kinachouzwa nchini hutakiwa kiwe kimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Chupa ya maji ya kunywa haina namba ya usajili, haina tarehe ya mwisho wa matumizi, wala haina maelezo ya huduma ya kwanza endapo mtoto ataigusa.

Duka nililoipata pareto hatimaye ni dogo, lenye kaunta moja na mizani ya kupimia mbegu. Binti aliyekuwa ndani alinisalimia shikamoo, kisha kabla ya kugusa rafu akaniuliza kama nimekuja na jani. Nilipomjibu kwamba sikuja nalo, akasema, "Basi nieleze, mama. Wanakaa kwenye machipukizi, chini ya jani, au ndani ya ua?" Nilimweleza yote matatu. Akanisikiliza, akaishusha chupa ya pareto na kuniambia, "Hii chukua kwa ajili ya wadudu mafuta na viwavi wadogo. Kwa utitiri utanirudishia, sitaki nikudanganye." Katika miaka yote ya kununua dawa za bustani sikuwahi kuuzwa kitu kwa maelezo ya kile ambacho hakitakifanya, na maneno ya binti yule, kama nitakavyoonyesha, yalikuwa sahihi karibu kila neno.

Pareto si ngeni kwetu. Inalimwa Umalila, inalimwa Makete, inalimwa Mufindi na Njombe, na kiwanda kikubwa cha kuichakata kipo Mafinga. Ni ua dogo la petali nyeupe na moyo wa njano, linalopenda baridi ya milimani, na sumu yake imejaa zaidi katika vijimbegu vilivyomo ndani ya moyo huo wa njano kuliko kwenye petali au majani. Shangazi yangu aliyeolewa Umalila amelichuma kwa miaka mingi. Hungoja safu za vijiua vya katikati zifunguke kutoka pembeni kuelekea ndani, ndipo huchuma, kwa kuwa likichumwa changa huwa na nguvu ndogo, kisha huyaanika maua juu ya mkeka huku akiyageuza kwa mkono. Nilipomwonyesha chupa yangu aliinusa, akaishika kwa muda, akasema, "Kumbe ndiko linakofika." Nilisikitika kwamba yeye anayelima hajawahi kuliona likirudi dukani kama dawa, ilhali mimi nililazimika kuzunguka maduka 4 kulitafuta umbali mfupi tu kutoka kwenye shamba lake.

Sasa nije kwenye kazi yake. Adui wa kwanza wa waridi huku kwetu ni vidukari, ambao wengi tunawaita wadudu mafuta: wadudu laini wa kijani, wakati mwingine wa rangi ya waridi, wanaojazana kwenye ncha ya chipukizi na shingoni mwa tumba, wakichomeka midomo yao na kunyonya maji ya mmea hadi chipukizi hujikunja na tumba hukataa kufunguka. Kidukari jike huzaa watoto walio hai bila kuhitaji dume, na kukiwa na joto la wastani mtoto huyo hukomaa ndani ya siku 7 hadi 10, hivyo mtu akiwaona 5 siku ya Jumapili asishangae kuwakuta wamekuwa kundi baada ya wiki mbili. Hutoa majimaji matamu yanayonata, na juu yake huota ukungu mweusi kama masizi. Sisimizi nao huyafuata, na kwa ajili ya utamu huo huwalinda vidukari dhidi ya maadui zao. Mwenye bustani anayeona msururu wa sisimizi ukipanda mwaridi angefanya vyema kuinua macho hadi kwenye ncha za matawi.

Mwezi Mei, mvua zilipokuwa zinakoma na miwaridi imetoa machipukizi mapya, nilichagua chipukizi moja lenye urefu wa kidole na kuhesabu vidukari 43. Nilitandika karatasi nyeupe chini yake na kupulizia saa kumi na mbili jioni. Haikupita dakika moja wakaanza kurusha miguu. Wale waliokuwa wamekita midomo yao kwenye shina waliichomoa, wakayumba, wakadondoka kwenye karatasi mmoja baada ya mwingine kama punje za mtama. Baada ya dakika 10 chipukizi lilikuwa tupu, limebaki na magamba meupe tu waliyojivua walipokuwa wakikua. Nilifurahi sana, ila kwa tahadhari nikawakusanya 20 kati ya walioanguka, nikawafunika kwa glasi hadi asubuhi. Kulipokucha, 7 walikuwa wamesimama na wanatembea.

Jambo hilo lilinisumbua hadi nilipogundua kwamba kosa lilikuwa la kipimo. Sumu ya pareto humwangusha mdudu upesi kwa kuvuruga mishipa yake ya fahamu, lakini mwili wa mdudu una uwezo wa kuivunja sumu hiyo, na asipopata ya kutosha huzinduka. Kwa sababu hiyo baadhi ya watengenezaji huongeza kichocheo kiitwacho piperonili butoksaidi, kinachouzuia mwili wa mdudu kufanya kazi hiyo, na chupa yangu haikuwa nacho. Lebo iliagiza mililita 30 kwa bomba la mgongoni la lita 15, na mimi nina bomba la mkono la lita 2, ambalo lilihitaji mililita 4. Nilikuwa nimetumia kizibo kimoja kilichojaa nikidhani kinatosha. Niliponunua sirinji ya mililita 5 kwenye duka la dawa na kukipima kizibo kile, kilichukua mililita 2 tu, yaani nilikuwa nimetoa nusu ya kipimo. Jioni iliyofuata nilirudia kwa kipimo kamili kwenye mwaridi mwingine, nikawafunika wengine 20, na asubuhi hakuna hata mmoja aliyeinuka.

Hapa ndipo penye lawama yangu kubwa kwa bidhaa hii. Maelezo yote ya matumizi yaliandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo kiasi kwamba nilimwita mjukuu wangu anisomee, na ndani ya kasha hapakuwa na kikombe cha kupimia. Dawa ambayo ikipunguzwa nusu huacha theluthi ya wadudu wakiwa hai ilipaswa kuja na kipimo chake, na kwa lugha ya mtu anayeishika. Mtengenezaji atakayeweka kikombe cha mililita 5 na karatasi ya maelezo ya Kiswahili atakuwa ameiongezea dawa hii thamani kuliko nakshi yoyote ya lebo.

Kwa funza wa vitumba, yule yule anayetoboa nyanya na kula mahindi mabichi, pareto inafaa ikiwahi. Nondo wake hutaga usiku, yai moja moja, na funza mchanga hutambaa nje kwa muda mfupi kabla ya kujichimbia ndani ya tumba. Akiwa nje, dawa inamfikia na kumuua; akishaingia, hata kupulizia mara tatu hakumgusi, kwa sababu pareto haipenyi ndani ya mmea wala haisafiri kwenye maji yake. Mimi sasa hukagua vitumba kila jioni ya tatu nikitafuta tundu lenye kinyesi kama unga wa kahawia, na tumba lenye tundu hulikata na kulipasua kwa kisu hadi nimwone mwenyewe. Majirani zangu wanalima nyanya, kwa hiyo nondo hawa hawatanikosa mwaka wowote, nami nimelikubali hilo.

Vithiripi ndio walionivunja moyo. Ni wadudu wembamba, wenye urefu wa chini ya milimita 2, wanaojificha katikati ya mikunjo ya petali na kuikwaruza ili wanyonye, wakiacha michirizi ya kahawia na kingo zilizoungua. Hupenda zaidi waridi jeupe na la njano, ambayo ndiyo yanayotakiwa zaidi harusini. Ili kuwaona, ua hugongwa mara mbili tatu juu ya karatasi nyeupe, nao huanguka na kukimbia kama vipande vya uzi. Kwenye mwaridi mmoja mweupe nilihesabu 18 kabla ya kupulizia, 5 asubuhi iliyofuata, na 16 baada ya siku 8. Walio nje ya ua hufa, lakini walio ndani ya mikunjo hawafikiwi, mayai yamefichwa ndani ya nyama ya mmea, na wengine huwa ardhini wakibadilika kuwa wapevu. Nilichoona kikisaidia ni kuyakata maua yaliyochakaa kabla hayajapukutika na kuyachoma, nisiyaache chini ya mmea. Dawa yenyewe, kwa mdudu huyu, naipa nusu ya alama na si zaidi.

Kwa utitiri mwekundu haifai. Utitiri si mdudu hata kidogo. Una miguu minane na ni jamaa ya buibui, na huja Agosti hadi Oktoba wakati vumbi na ukavu vimetawala, ukianzia chini ya majani, ambayo hugeuka rangi ya shaba yenye vidoadoa na kufunikwa na utando mwembamba. Nilijaribu pareto kwenye miwaridi 2 kwa ukaidi wangu, nisiliamini neno la binti wa dukani, na sikuona tofauti yoyote. Nilichofanya baadaye ni kupiga maji kwa nguvu upande wa chini wa majani kila asubuhi kwa wiki mbili, na majani mapya yakaota safi. Vidugamba weupe wanaoganda kwenye mashina ya zamani nao wanalindwa na gamba lao. Hao nimewasugua kwa mswaki mkuukuu na maji ya sabuni, na mashina yaliyozidiwa nimeyakata.

Nawaomba msamaha nyuki wakata majani, kwa sababu niliwahi kuwapulizia. Mtu akiona jani la waridi limekatwa nusu duara safi ukingoni, kana kwamba kwa mkasi, huyo ni nyuki mpweke aliyechukua kipande cha kujengea kiota cha watoto wake. Hali jani, haharibu ua, naye ni mchavushaji mzuri. Pareto huua nyuki kama inavyoua vidukari, na hiyo ndiyo sababu ya kupulizia jioni nyuki wakiwa wamesharudi kwao. Saa kumi na mbili jioni dawa hupata usiku mzima wa kufanya kazi bila jua, na kunapokucha, jua huanza kuimaliza. Kwa mtazamo wangu, ufupi huo wa maisha ya dawa ni sifa yake kubwa, ingawa humlazimu mtu kurudia baada ya siku 5 hadi 7. Ubaridi wa Uyole nao ni msaada, kwa kuwa sumu hii huwaathiri wadudu zaidi kunapokuwa na baridi kuliko kunapokuwa na joto. Samaki nao hudhurika sana, kwa hiyo bomba lisioshwe mferejini wala kijitoni. Mimi humwaga maji ya kuoshea juu ya udongo mkavu chini ya uzio.

Chupa nilinunua kwa shilingi 14,000. Bustani yangu humaliza lita 4 za mchanganyiko kwa awamu, yaani mililita 8 za dawa, hivyo chupa moja hutoa awamu 12 na nusu, na kila awamu hunigharimu kama shilingi 1,100. Kwa miwaridi 26 gharama hiyo naiona ya haki. Mwenye miwaridi 3 au 4 mlangoni sioni sababu ya yeye kuinunua, kwani kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, kikipuliziwa jioni hadi kila mdudu alowe, huwamaliza vidukari vivyo hivyo, na wakiwa wachache vidole viwili vinatosha kuwakamua. Wapo wanaotwanga majani ya mmea uitwao utupa na kuyaloweka wapate dawa ya kupulizia, na nimeona yakifanya kazi shambani kwa shangazi. Hata hivyo utupa pia ni sumu kwa samaki, na nguvu ya maji yale hutofautiana kutoka chungu kimoja hadi kingine, jambo ambalo kwa maua ya kuuza sikuliweza.

Jambo la mwisho ni utunzaji. Robo ya chupa yangu ya kwanza niliiacha kwenye dirisha la stoo, jua la mchana likiipata, na msimu uliofuata vidukari walitikisika kidogo tu wakaendelea kunyonya kana kwamba nimewapulizia maji ya mvua. Chupa ya pili niliitunza gizani na ilifanya kazi hadi tone la mwisho. Wiki iliyopita nilirudi Mwanjelwa kununua ya tatu, safari hii nikiwa na jani la waridi ndani ya mfuko, na binti yule akaligeuza juu chini chini ya taa, akaniambia kuna mayai ya utitiri kwenye mshipa wa kati. Nimeiandika tarehe ya kuifungua kwenye kizibo, nimeifungia kwenye sanduku la mbao pamoja na sirinji yake, na kesho asubuhi naanza kwa mpira wa maji.